Honi ya Daraja la Mgongo

Habari za kifo cha Erastus zilimkuta Zilpa amesimama ndani ya mto, maji magotini, beleshi mkononi, na badala ya kusikitika alicheka. Wanawake wenzake wa kuchota mchanga waligeuka wote. Mmoja akaanza kukohoa kwa nguvu ili kumfunika, maana si jambo zuri mtu kusikika akichekea msiba, hata kama msiba wenyewe ni wa mtu wa aina ile. Zilpa hakujali. Alitupa mchanga ukingoni, akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono, akauliza swali moja.

"Watampitisha wapi?"

"Wapi kwingine?" akajibiwa. "Si ni hapo juu tu."

Hapo juu ni darajani. Kama hujawahi kulivuka, basi picha yake umeiona kwenye kalenda ya duka fulani. Ni tao moja la zege lililorushwa kutoka mwamba wa upande huu hadi mwamba wa upande ule, pale barabara ya kutoka Busia inapokaribia kugusa ziwa. Waingereza ndio walioamuru lijengwe na babu zetu ndio waliobeba mawe, na ukienda kutafuta majina ya babu zetu hapo hutaona hata moja. Linapanda katikati, kisha linashuka, ndiyo maana wenyewe wanaliita Mgongo. Ukifika kileleni unaliona ziwa lote mkono wa kushoto, na mabibi harusi wa Busia na Bumala huja pale kupigwa picha, wakaushika ukuta wa pembeni na kutabasamu utadhani ni wao waliolijenga. Miaka ya nyuma wakubwa walikuja, wakalipaka chokaa, wakasimamisha kibao kwamba daraja ni urithi wa taifa, wakala mbuzi, wakaenda zao. Tangu siku hiyo haliruhusiwi kubomolewa, na kwa kuwa haliruhusiwi kubomolewa hakuna anayejisumbua kulipanua. Limebaki vile vile, jembamba, gari moja kwa wakati mmoja, na huo mgongo unaficha kila kitu kinachotoka upande wa pili.

Kwa hiyo ipo sheria ambayo haimo kwenye kibao. Dereva akifika, kabla hajapandisha, hupiga honi ndefu. Mwenye kwenda kwa miguu akisikia honi, hungoja. Asiposikia, huvuka. Watoto wa pale wanaijua sheria hii kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Zilpa alimfundisha bintiye Sharlyne kwa maneno hayo hayo, asubuhi na jioni, mpaka mtoto akawa anayamalizia mwenyewe: ukisikia honi, ngoja, usiposikia, vuka haraka, usicheze njiani.

Sharlyne alikuwa darasa la tatu alipotumwa na mama yake kununua chumvi dukani ng'ambo. Alifika dukani, akanunua, akaanza kurudi. Gari jeupe la Erastus lilimkuta juu ya daraja, likamrusha nje ya ukuta, na mto uliokuwa umefura kwa mvua ukamchukua. Walimpata kwenye matete karibu na ziwa baada ya siku kadhaa.

Erastus alikuwa ajenti wa kupitisha malori ya watu mpakani Malaba, mtu wa shati lililopigwa pasi na viatu visivyojua tope. Askari aliwaita kwa majina yao ya utani. Alisema kituoni, na akarudia matangani mbele ya watu waliokuja kumlilia mtoto: "Nilipiga honi. Mtoto alikuwa anacheza juu ya ukuta." Basi. Maneno hayo mawili yalizunguka kutoka Busibwabo hadi Matayos, na kila yalipopita yaliongezwa chumvi. Mara mtoto alikuwa anacheza kila siku pale. Mara mama yake alikuwa amelewa. Willis, mume wa Zilpa, aliyekuwa utingo wa malori ya masafa, alirudi, akamzika mwanawe, akamtazama mkewe na kuuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Hakungoja jibu. Alipanda lori lililofuata, na hadi leo anasikika tu, mara yuko Malaba, mara yuko Tororo na mwanamke mwingine.

Zilpa alikuwa wapi? Alikuwa papo hapo, chini ya daraja, anachota mchanga. Na hilo ndilo lililomla miaka yote. Mto ulikuwa unanguruma kiasi kwamba hata ungepigiwa ngoma sikioni usingesikia. Kama honi ililia au haikulia, hakujua. Ikiwa ililia, basi Sharlyne alidharau neno la mama yake na kufa kwa ukaidi. Ikiwa haikulia, basi alivuka kama alivyofundishwa, na utiifu ndio uliomuua. Zilpa hakujua lipi kati ya hayo lilikuwa baya zaidi. Alijua tu kwamba kuna mtu mmoja mwenye jibu, na mtu huyo anapita juu ya kichwa chake kila Ijumaa akienda kwao, honi yake ikilia ndefu na kwa adabu, kama ya mtu ambaye hajawahi kusahau.

Halafu kulikuwa na jambo la kuita. Aliyekufa majini huzikwa mwili wake, lakini mwenyewe hubaki pale pale maji yalipompokea, akihangaika. Lazima aitwe. Mtu aliyemwona mwisho akiwa hai ndiye husimama mahali penyewe na kumwita kwa jina, na mtu wa nyumbani hushika tawi bichi. Marehemu akiitika, tawi hulemea mkononi, na mwenye kulishika peke yake ndiye anayejua. Kisha hulipeleka nyumbani likalala kaburini, na mambo yakaisha. Zilpa alikwenda kwa Erastus mara ya kwanza na wazee, mara ya pili peke yake, mara ya tatu kwa magoti. Akajibiwa mlangoni kwamba bwana ameokoka, hashughuliki na mambo ya mizimu. Basi Sharlyne akabaki mtoni. Na mama yake akabaki naye, akichota mchanga mahali ambapo mwanamke mwingine angepakimbia.

Mtu pekee wa nyumba ile ambaye Zilpa hakumchukia alikuwa Wilkista, mke wa Erastus. Alikuwamo garini siku ile, kila mtu alijua, lakini mke akiwa kiti cha abiria ana kosa gani? Zaidi ya hayo, kila Krismasi Wilkista alimtumia mtu na sukari, majani ya chai na kipande cha kitenge, kimyakimya, bila mumewe kujua. Zilpa alivipokea na kusema moyoni: maskini, naye ameolewa na jiwe. Alimwombea.

Sasa jiwe lenyewe lilikuwa limeanguka. Moyo ulimsimama Erastus ofisini kwake Malaba, kalamu mkononi, na Jumamosi angeletwa nyumbani kuzikwa. Zilpa alitoka majini siku ile kabla ya wakati na kwenda moja kwa moja kwa Josiah, mdogo wake, ambaye ana lori la mchanga linalotumia muda mwingi kutengenezwa kuliko kubeba.

"Jumamosi lori lako litakufa juu ya Mgongo," alimwambia. "Upande wa ng'ambo, pale daraja linapomalizikia. Katikati ya njia kabisa."

Josiah aliweka kikombe chini. "Dada, maiti haizuiwi."

"Nani anamzuia? Namngoja tu. Si hata yeye aliningojesha?"

"Watapitia barabara ile mpya ya huku juu."

"Hawawezi."

Na kweli hawangeweza, na Zilpa alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Mtu hurudishwa kwao kwa njia aliyozoea kurudi nayo akiwa hai. Ukimzungusha kwingine, atapotea, ataanza kusumbua watoto. Tena msafara ukifika kwenye maji, gari la maiti husimama juu ya maji penyewe, injini ikazimwa, na mtu wa ukoo akamwambia marehemu kwamba sasa wanavuka, asibaki nyuma. Katika muda huo, mkono ukiwa juu ya jeneza na maji yakipita chini, hakuna mtu wa pale anayesema uongo. Hata mwizi hasemi. Erastus aliwakimbia wazee akisema ameokoka, lakini wazee wenyewe hawajaokoka kiasi hicho.

"Na watu wakiuliza gari lina nini?" Josiah aliuliza.

Zilpa akamtazama. "Hilo gari lako? Nani atauliza?"

Jumamosi kulikuwa na jua kali. Kabla ya saa sita Josiah alilisimamisha lori pale chini ya mteremko, akafungua boneti, akakata matawi kwenye kichaka na kuyapanga barabarani nyuma ya lori kama wanavyofanya madereva wote gari likiwafia. Aliyapanga kwa upande wa ng'ambo pekee. Anayetoka Busia asingeona lori wala tawi mpaka afike kileleni. Zilpa alijibanza kwenye pembe ya ukuta, mahali pale pale chokaa ilipopasuka siku mwanawe alipoigonga. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Hakuwa na woga. Alikuwa na furaha, ile furaha chungu ambayo mtu hawezi kumweleza mchungaji wake.

Msafara ulisikika kabla ya kuonekana. Kila gari lilikuwa linapiga honi, ndefu, fupi, kubwa, ndogo, kama harusi.

"Leo wanajua kupiga," Zilpa alisema peke yake.

Gari la maiti lilipanda, likafika kileleni, likasimama juu ya maji na kuzima injini. Nyuma yake magari yenye utepe mwekundu yalibanana mpaka daraja likajaa hadi barabarani. Milango ikafunguka. Mzee Oduori, baba mdogo wa marehemu, alishuka na fimbo yake, akaenda nyuma ya gari, mlango ukafunguliwa, jeneza likaonekana. Watu walivua kofia. Ndipo mtu mmoja alipotazama mbele na kusema, "Na hili lori je?"

Quinton, mtoto wa kwanza wa Erastus, kijana wa chuo aliyekuja jana yake kutoka Nairobi, alishuka mbio mpaka kwa Josiah. "Boss, toa hii kitu. Huoni tuko na maiti?"

"Imekufa, boss," Josiah akajibu, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Pole sana."

"Imekufa aje na engine bado iko moto?"

"Ndiyo imetoka kufa."

Quinton alikuwa anataka kumshika shati, lakini sauti ya mzee ilikuwa imeanza kule juu, "Erastus, mtoto wa ndugu yangu, tumefika majini," na sauti nyingine ikaikatiza.

"Mzee, ngoja. Kabla hujamwambia avuke, kuna mwingine alibaki hapa."

Zilpa alitoka ukutani. Watu walimfahamu mara moja na wakaguna, maana kila aliyekuwepo alikuwa amewahi kusema kitu juu yake.

"Mama Sharlyne," mzee Oduori akasema kwa upole, "uchungu wako tunaujua. Lakini leo si siku yake."

"Siku yangu ni gani, mzee? Nilikuja kwenu akiwa hai, mkanifungia mlango. Mkasema huyu ameokoka, hataki mambo ya kuita wafu. Sasa nyinyi mnafanya nini hapa? Mmezima injini ya nini? Si mnaongea na maiti?"

Nyuma, mtu alicheka akajiziba mdomo. Mzee aliangalia fimbo yake.

Quinton alirudi akipanda, anahema. "Huyu mathe anataka nini? Mtoto wake alikuwa anacheza kwa ukuta, watu wote wanajua!"

"Nyamaza," mzee akamwambia. Kisha kwa Zilpa, "Unataka nini, mama?"

"Sitaki ng'ombe. Sitaki shilingi. Nataka maneno machache tu." Zilpa alinyoosha mkono kuelekea gari la pili, ambako Wilkista alikuwa ameketi, leso nyeusi kichwani. "Mama Quinton, shuka. Wewe sina ubaya na wewe. Ulikuwa kwa gari siku ile. Njoo uweke mkono kwa sanduku ya bwanako, useme hivi: Erastus, ulipiga honi. Hayo tu. Ukisema, lori inatoka saa hii, na mimi nitapiga magoti niombe msamaha mbele ya hawa watu wote."

Yalionekana maneno mepesi. Watu wakapumua. Hata dereva wa gari la maiti alirudi kwenye kiti chake akashika ufunguo. Lakini Zilpa alikuwa amefanya hesabu yake vizuri. Alimjua Wilkista kuwa mwanamke mwema, na mwanamke mwema hangeweza kudanganya juu ya maji. Angeshindwa kuyasema, na Erastus angezikwa mbele ya ukoo wake wote akiwa mwongo. Hilo ndilo tunda alilokuwa amelingojea liive.

Wilkista alishuka pole pole. Alitembea mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao. Chini yao maji yalikuwa yanapita kwa sauti ndogo ya kiangazi.

"Sema tu, mama Quinton," mzee akamhimiza. "Twende tukazike."

"Erastus," Wilkista akaanza. "Erastus, uli..."

Akauondoa mkono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Siwezi."

"Hakupiga!" Zilpa akapaza sauti, akawageukia watu. "Mmesikia? Hakupiga honi!"

"Hakupiga," Wilkista akasema, macho chini, "kwa sababu si yeye alikuwa anaendesha."

Nyuma, madereva ambao injini zao zilikuwa bado zinanguruma walizizima ili wasikie.

"Nilikuwa najifunza," Wilkista akaendelea. "Ilikuwa mimi. Tukafika hapa, akaniambia piga honi, mama Quinton, piga honi. Na mimi mikono yote miwili imeshika usukani, sijui nitoe gani. Niliona nikitoa mkono mmoja gari itaenda kwa ukuta. Nikasema nitapiga tukifika juu. Kufika juu, mtoto huyu hapa." Alionyesha pale chokaa ilipopasuka. "Alikuwa anatembea vizuri, mama. Pembeni kabisa. Ameshika chumvi yake hivi, kwa kifua. Hakuwa anacheza. Aliniangalia kwa macho."

"Mum," Quinton akasema. Akaketi chini barabarani na suti yake.

"Baba yako akaniambia nihame kiti. Sikuwa na leseni, na nilikuwa na mimba ya dada yako. Akasema atasema ni yeye. Na ile maneno ya ukuta akaiongeza huko kwa polisi, sikumtuma." Alimgeukia Zilpa sasa, uso wote umelowa. "Na kukataa kuja kumwita, haikuwa wokovu. Aliniambia, nitamwitaje na si mimi nilimwona? Mimi nilikuwa naangalia mikono yako. Hatakuja. Aliniambia niende mimi. Kila mwaka aliniambia. Nikaogopa. Nikawa nakutumia sukari."

Zilpa alisimama pale na kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, alifurahi. Sharlyne alikuwa pembeni. Sharlyne hakucheza. Hakuwa na honi ya kusikia, basi akavuka, kama alivyofundishwa. Furaha hiyo ilidumu kama mtu anavyovuta pumzi moja, kisha ikafuatwa na maumivu ambayo hayana jina, kwa kuwa sasa alijua kilichomuua mwanawe ni lile neno lake mwenyewe, vuka haraka. Na nyuma ya maumivu ikaja hasira. Chuki yote aliyomwekea Erastus miaka yote hiyo ilibaki mikononi mwake haina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake na leso ya msiba, amenenepa, analia.

"Nimekunywa chai yako," Zilpa akamwambia kwa sauti ya chini. "Krismasi zote hizo. Nakunywa, nakuombea Mungu."



Watu walikuwa wameanza kuongea wote kwa pamoja. Wanawake wawili waliokuwa wamesimama karibu na mjane walisogea mbali naye, na mmoja wao alikuwa yule yule aliyewahi kusema kwamba Zilpa alikuwa amelewa. Zilpa aliwapita, akaenda kwenye jeneza, akaligonga kwa kiganja mara moja, kama mtu anayebisha hodi.

"Erastus. Kuendesha, nilikusingizia. Lakini ile ya kusema mtoto wangu alikuwa anacheza, ya kunifukuzia bwana, hiyo ni yako mwenyewe. Nenda nayo. Vuka." Akamtazama mdogo wake kule chini. "Josiah, washa!"

Josiah alipanda, akazungusha ufunguo, na lori likawaka mara ya kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu alinunue. Yeye mwenyewe alishtuka. Akarudi kinyumenyume juu ya matawi yake, njia ikafunguka.

Wilkista alijifuta uso, akageuka kwenda garini. Zilpa akamshika mkono juu ya kifundo, kwa vidole vya mtu anayeshika beleshi kila siku.

"Unaenda wapi?"

"Kumzika bwanangu."

"Utamzika. Mwite huyu kwanza."

Wilkista alimtazama mzee Oduori. Mzee alilitazama jua, akawatazama watu wake, na katika watu hao wote hakuona hata mmoja aliyetikisa kichwa kukataa. Alikuwa mtu mwenye haki, au pengine alikuwa na haraka. Mara nyingine mambo hayo mawili hufika mahali pamoja.

"Ni haki yake," akasema. "Mwite mtoto wa watu. Akiitika utufuate, si mbali. Tutakungoja kiasi. Lakini kaburi halilali wazi, unajua mwenyewe."

"Nitabaki na yeye," Quinton akasema.

"Nenda," mama yake akamwambia. "Nenda umzike baba yako."

Magari yalivuka moja baada ya jingine, kila moja likapiga honi kileleni. Kulipokuwa kimya, Zilpa aliteremka hadi chini, akaokota tawi moja katika yale ya Josiah, la kijani bado ingawa tairi lilikuwa limeligusa ncha. Akarudi nalo, akasimama palipopasuka chokaa.

"Ita."

"Sharlyne," Wilkista akasema.

"Hilo ni la shule. Nyumbani anaitwa Nabwire. Na umwite kwa sauti, maji ni mengi."

"Nabwire! Njoo twende nyumbani!"

Sauti yake iligonga chini ya tao na kurudi. Wakangoja mpaka kivuli cha ukuta kikarefuka. Juu ya kilima cha ng'ambo, kwenye boma la Erastus, spika zilikuwa zimeanza kupiga nyimbo, na kila neno lilivuka mto waziwazi. Wilkista aliita mara ya pili. Aliita mara ya tatu, na safari hii sauti ilimpasuka katikati ya jina, akalia kweli, si kilio cha kujihurumia.

Tawi likalemea.

Hakukuwa na upepo. Lililemea tu, pole pole, mpaka Zilpa akalazimika kuliongezea mkono wa pili. Akajua. Alitaka kukimbia nyumbani na tawi lile akipiga yowe kijiji kizima kisikie, Nabwire amekuja, Nabwire amekuja.

Ng'ambo, spika ilikwaruza na mchungaji akasema, "Tunamwomba mjane wa marehemu asogee mbele, aweke udongo. Mjane yuko wapi? Mjane?"

Wilkista alifuta macho haraka. "Ameitika, mama? Niambie. Ameitika?"

Zilpa alilikumbatia tawi kifuani, zito kama mtoto wa darasa la tatu aliyesinzia njiani akabebwa.

"Bado," akasema. "Ita."

"Nabwire! Nabwire, njoo!" Wilkista akaita, na akaita tena, sauti ikipungua, huku macho yake yakiwa kilimani. Mchungaji alimuulizia mjane mara nyingine, akanong'onezwa jambo na mtu, akanyamaza. Kisha wimbo wa kufukia ukaanza, wanaume wakiuvuta polepole jinsi wanavyouvuta beleshi zikiwa kazini.

"Mama Sharlyne, tafadhali. Wanamfukia."

"Nasikia. Ita."

Upande wa Busia gari lilifika kwenye daraja na kupiga honi, ndefu, likitaka kupita. Zilpa hakusogea. Aliinamisha mdomo kwenye majani.

"Umesikia honi, mama?" akanong'ona. "Basi ngoja."

Na tawi likatulia mikononi mwake bila kutingishika hata jani moja, maana Nabwire alikuwa mtoto mtiifu, na akiambiwa angoje, alingoja.

"Ita tena," Zilpa akasema.